Sindano na kumwaga nje vyote vimeniangusha. Safari hii nichanganye nini na nini?

#1 MamaWatatuSasa (Jumatatu, saa 3 usiku)

Habari za jioni wakuu. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo nimejitosa. Wenye matusi piteni tu, nina mtoto mgongoni.

Nina miaka 31, niko Morogoro, watoto watatu. Huyu wa tatu ana miezi mitano na nusu na ndiye sababu ya uzi huu. Nampenda, lakini hakuwa kwenye mpango. Nilikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu, na mume wangu kwa kujihami zaidi alikuwa anamwaga nje. Kwa akili zangu hizo ni kinga mbili, nikalala usingizi wa pono.

Tarehe ya sindano ikanikuta kijijini kwenye msiba wa bibi, nikakaa kule karibu mwezi. Niliporudi, zahanati wakasema sindano zimeisha, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo nikaenda, wimbo ule ule. Nikajiambia si baba watoto anamwaga nje? Sindano zilipofika nilikuwa nimepitiliza wiki saba. Na hata sikuchomwa, walinipima mkojo kwanza, ikatoka mistari miwili.

Sasa naogopa. Nauliza:

Naweza kuweka kijiti na juu yake nikawa nameza vidonge vya majira ili iwe dabo? Kondomu mbili kwa mpigo vipi, maana mwenyewe kasema yuko tayari? Na nikiweka kijiti leo, leo hii hii nakuwa salama?

#2 Kokoto

Kondomu mbili ni sawa na kuvaa soksi mbili ukaoge. Nakaa pembeni na karanga zangu, nasubiri wataalamu.

#3 FundiBomba

Dada dawa ni mzee ahamie sebuleni. Haina madhara, haina foleni ya zahanati. (Natania, pole sana.)

#4 NesiWaZamu

MamaWatatuSasa, pole na hongera ya mtoto. Nimekaa chumba cha uzazi wa mpango miaka 14, habari kama yako naisikia kila wiki, kinachobadilika ni jina la kijiji tu.

Nianze na kilichokuangusha, kwa sababu usipokijua utarudia kosa hilo hilo kwa njia nyingine. Wewe hukuwa na kinga mbili. Ulikuwa na moja nzuri na kisaidizi, halafu ile nzuri ikaisha nguvu ukabaki na kisaidizi peke yake. Sindano ya miezi mitatu tunaihesabia wiki 13. Ukichelewa hadi wiki 4 juu ya hapo bado tunakuchoma bila maneno mengi. Wewe ulipita 7. Hizo wiki tatu za mwisho ulikuwa unategemea kumwaga nje, na wanawake 100 wakitegemea kumwaga nje mwaka mzima, kama 20 hivi hushika mimba. Mwanaume akifanya bila kukosea hata mara moja idadi inashuka hadi 4, lakini mimi huyo mwanaume sijakutana naye.

Ili twende pamoja, hizi ndizo namba tunazotumia kwa watu wa kawaida, yaani wenye kusahau na kuchelewa kama sisi, kati ya wanawake 100 kwa mwaka: vidonge 7, sindano 4, kondomu ya kiume 13, kitanzi cha shaba hakifiki hata mmoja. Kijiti ni mmoja kati ya 1,000. Asiyetumia chochote, 85.

Sasa kijiti na majira. Hao ni ndugu wa baba mmoja. Vyote ni homoni, vyote vinazuia yai lisitoke na vinafanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito mbegu zisipite. Kijiti kikishafanya kazi hiyo, kidonge kinakuta chumba kimeshafagiliwa. Unaongeza gharama na kichefuchefu, kinga haiongezeki. Kuna wakati sisi wenyewe tunampa mwenye kijiti pakiti moja ya vidonge, ila ni kumtulizia damu inayotokatoka, siyo kuzuia mimba. Na wewe unanyonyesha mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, majira yenye homoni mbili tungekuambia usubiri kwanza.

Kondomu mbili usivae. Zinasuguana, na mpira kusugua mpira siyo jambo la kutafuta. Hata ya kiume na ya kike kwa pamoja, hapana. Mwambie shemeji nia yake nimeipokea.

Ukitaka kuchanganya, usihesabu njia ngapi. Tazama kama jambo moja linaweza kuziangusha zote mbili. Sindano na vidonge vyote vinaangushwa na safari na dawa kuisha zahanati. Vidonge na kalenda vyote vimekaa kwenye kichwa kimoja, siku kichwa hicho kina msiba vyote vimekwenda. Lakini kijiti kiko mkononi mwako chini ya ngozi, kondomu iko kwenye droo na inamhusu mumeo. Cha kukiangusha hiki hakiiangushi ile.

Kuhusu kuwa salama siku hiyo hiyo: kijiti cha kipande kimoja kikiwekwa ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi huhitaji kingine. Cha vipande viwili ni ndani ya siku 7. Nje ya hapo, siku 7 za kwanza tumieni kondomu.

Ila kabla ya yote nijibu: umeshaanza kuona siku zako? Na mtoto anakula nini?

#5 MamaWatatuSasa

Asante sana dada. Siku zangu bado. Mtoto ananyonya, ila bibi yake (mama mkwe) alianza kumpa maji tangu ana miezi mitatu, na sasa anaonja uji wa lishe mara mbili kwa siku. Usiku ananyonya sana.

#6 NesiWaZamu

Kumbe! Basi acha hayo mengine, kesho asubuhi kapime mkojo.

Kunyonyesha ni njia ya uzazi wa mpango kweli kweli, inakinga kwa asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yote yakiwepo: mtoto hajatimiza miezi sita, hujaona hedhi, na ananyonya maziwa tupu usiku na mchana. Maji ya bibi yamevunja sharti la tatu. Watu wengi wanadhani hedhi ndiyo kengele. Hapana, yai linatoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kutoka mimba kuingia mimba bila kuona tone. Na mimi sijaona hapo juu ukitaja mnatumia nini kwa sasa.

#7 MamaWatatuSasa

Kumwaga nje 🙈

#8 Kokoto

Karanga zimeniisha.

#9 MhasibuWaKijiji

Mimi ni mtu wa hesabu, naomba nichangie. Kama vidonge vinaangusha 7 kwa 100 na kondomu 13 kwa 100, mtu akitumia vyote, mimba inapatikana pale tu vyote vimeanguka. 0.07 mara 0.13 ni 0.0091, yaani hata mmoja kati ya 100 hafiki. Wameshaingia daraja la kitanzi bila kuwekewa kitu mwilini. Kondomu na kumwaga nje kwa pamoja: 0.13 mara 0.20 ni 0.026, watu wawili na nusu kati ya 100. Kwa hiyo kumwaga nje msikudharau, kama cha pili siyo kibaya.

#10 NesiWaZamu

Mhasibu, hesabu ni nzuri na mwelekeo wake ni sahihi: mbili dhaifu zikiungana zinakuwa na nguvu. Lakini umezidisha kama vile unarusha shilingi mbili. Binadamu hatuanguki hivyo. Jumamosi ya harusi, bia zimeingia, kidonge cha saa tatu usiku kimesahaulika, na kondomu ilibaki kwenye begi jingine. Usiku huo mmoja umechukua vyote. Mume ambaye anashindwa kuvaa kondomu sawasawa ndiye huyo huyo mnataka achomoe kwa wakati. Ndiyo maana nikasema tazama kinachoangusha.

Hesabu yako inakaribia ukweli pale njia moja haimtegemei mtu kukumbuka kitu.

#11 Mpevu_Kalenda

Sisi ni Wakatoliki, mke wangu na mimi tunahesabu siku miaka sita sasa na tuna watoto wawili tuliowapanga. Siku za hatari tunavaa kondomu (msimwambie padri), siku salama hatuvai. Huko siyo kuchanganya?

#12 MhasibuWaKijiji

Mpevu, huko hamjazidisha, mmegawana zamu. Siku salama analinda kalenda peke yake, siku za hatari analinda kondomu peke yake. Kondomu ikipasuka siku ya hatari, kalenda haiwezi kukusaidia kwa lolote, yenyewe ndiyo iliyokuambia ni hatari. Kwa hiyo kinga yako haizidi ya mtu anayevaa kondomu kila siku, na makosa ya kalenda yanaongezeka juu yake.

#13 NesiWaZamu

Hapo Mhasibu kanifunza namna ya kueleza, nitaiiba hiyo ya zamu.

Kwa wanaotaka kuhesabu, ile njia ya shanga za kuhesabia siku inamfaa mwanamke ambaye mzunguko wake hauko chini ya siku 26 wala hauzidi 32. Siku ya 8 hadi ya 19 ndizo za kuepuka au kuvaa. Zinaonekana nyingi kwa sababu mbegu zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai. Yai lenyewe haliishi hata siku mbili. Mpevu, kama mnataka kinga mbili za kweli, kalenda mbakie nayo ya kukaa mbali kabisa siku za hatari, na kondomu mvae hizo nyingine. Najua hamtanipenda.

MamaWatatuSasa, wewe kalenda iache kwanza. Hujaona hata hedhi, utahesabu kuanzia wapi?

#14 MkeWaDereva

Naomba niseme la kwangu. Mume wangu anaendesha malori, Dar hadi Lubumbashi, safari moja wiki tatu, nne. Mimi nina kijiti, na kondomu tunatumia vilevile. Miaka miwili sasa. Mwanzoni aligoma, "mke wa ndoa unanivalisha mpira, unanihisi vibaya?" Nikamwambia nesi kasema kijiti bado hakijakolea. Mpaka leo hakijakolea.

Kijiti kinazuia mimba. Hakizuii kile ambacho mtu anaweza kukileta kutoka njiani. Sikumwambia hivyo, nilitaka tulale kwa amani.

#15 NesiWaZamu

MkeWaDereva nimekusoma na sitasema kitu. Kijiti chako kimoja au viwili? Kimoja kwa kawaida ni miaka 3, viwili miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kisije kikakolea kweli halafu kikaisha muda.

Hili alilosema ndilo sababu kubwa ya kuchanganya, kubwa kuliko hesabu zote za hapo juu. Njia zote za homoni, kitanzi, hata kufunga kizazi, hazina habari na VVU, kaswende wala kisonono. Ni kondomu tu. Na nimeona hasa kwa mabinti: akishawekewa kijiti kondomu inatupwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu tangu mwanzo alichokuwa anakiogopa ni tumbo.

#16 Shemeji_wa_Kila_Mtu

Lakini tuseme ukweli, kondomu ndani ya ndoa inavunja heshima. Mimi siwezi.

#17 MkeWaDereva

Watoto wangapi mkuu?

#18 Shemeji_wa_Kila_Mtu

Sita. Tuendelee na mada.

#19 MvitaAsili

Salaam kutoka Mombasa. Nataka kuwaonya jambo ambalo lilimpata dadangu na hakuna aliyemwambia. Alikuwa na kijiti, hajakimaliza hata mwaka. Akapatikana na kifua kikuu, akaanza dawa za miezi sita. Mwezi wa nne anatapika, tukadhani ni dawa. Kumbe ni mimba. Kijiti kiko mkononi, ukikigusa unakisikia, na mimba iko.

Kliniki ya kifua chumba kimoja, kliniki ya kupanga uzazi chumba cha pili, na yeye ana kadi mbili. Hakuna aliyezisoma zote mbili kwa pamoja. Mtoto yuko, alhamdulillah, na dadangu alipona. Lakini alilaumiwa sana nyumbani kuwa alikitoa kijiti kwa siri.

#20 NesiWaZamu

Mvita, mpe pole dada yako na mwambieni waliomlaumu wasome hapa.

Rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, inalifanya ini livunje homoni haraka kuliko kawaida. Kijiti kinatoa kiasi kile kile, lakini kinachobaki kwenye damu hakitoshi. Vidonge navyo hivyo hivyo, hata P2, vile vya dharura vya kumeza baada ya tendo. Zipo na baadhi ya dawa za kifafa, kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni, zinafanya hayo hayo. Kwa wanaotumia ARV, efavirenzi inapunguza nguvu ya kijiti. Wengi wameshahamishiwa dolutegraviri ambayo haina tatizo hilo, lakini angalia kopo lako.

Hapa ndipo kuchanganya si hiari. Mwenye kijiti akianza rifampisini avae kondomu kila mara, na aendelee wiki nne baada ya kumaliza dawa, kwa sababu ini halirudi kawaida siku ile ile. Au ahamie kwenye kitanzi cha shaba, chenyewe hakina homoni ya kuvunjwa. Sindano ya miezi mitatu nayo inahimili.

Na kabla hamjaniuliza: amoksilini na dawa za kawaida za kikohozi hazina shida na vidonge vyako. Hilo la kila antibayotiki inaua majira ni uvumi. Kutapika na kuharisha sana ndiyo shida. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge, kihesabu kama hujameza, meza kingine.

#21 BintiWaHosteli

Dada nesi naomba nisitajwe vibaya. Mimi na mpenzi wangu tunatumia kondomu, ikipasuka nanunua P2. Mwaka huu nimemeza mara nne. Rafiki zangu wananiambia nitakuwa mgumba. Ni kweli?

#22 NesiWaZamu

Mdogo wangu, si kweli, P2 haileti ugumba. Na mpangilio wenu wenyewe siyo wa ajabu, kondomu mbele na P2 nyuma ni mchanganyiko unaotambulika. Ila tuangalie mambo mawili.

P2 imeze mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Hadi siku ya tano bado inaweza kusaidia lakini nguvu inashuka kila siku. Inafanya kazi kwa kuchelewesha yai, kwa hiyo yai likishatoka haina la kufanya, na mimba ikishaingia haiitoi. Kwa kuwa imelichelewesha tu, ukikutana tena na mwenzako juma hilo bila kinga uko hatarini zaidi ya ulivyokuwa. Hapo wengi wanateleza: P2 Jumapili, pekupeku Jumatano, "si nilimeza?" Asiyeona hedhi wiki moja baada ya tarehe aliyoitarajia, apime.

La pili, kondomu nne kupasuka ndani ya mwaka ni nyingi. Kitu kinafanyika vibaya. Anaiweka wapi? Mnapaka nini?

#23 BintiWaHosteli

Anaweka kwenye waleti. Na tunapaka mafuta ya nazi kidogo.

#24 NesiWaZamu

Haya, mchawi kapatikana. Mafuta ya nazi, Vaseline, losheni, vyote vinalegeza mpira wa kondomu kwa dakika chache tu. Tafuteni kilainishi cha maji, duka la dawa kipo. Kondomu ikiwa kwenye waleti ya mfuko wa nyuma anaikalia, anaipasha joto na kuisugua mwezi mzima. Akae nazo kwenye begi, aangalie tarehe, abane chuchu ya mbele hewa itoke wakati wa kuvaa.

Na wewe binafsi: mara nne za hofu kwa mwaka, hujachoka? Fikiria kijiti au sindano, halafu kondomu ibaki pale pale ilipo. Hapo P2 utaisahau. Na ikitokea dharura siku nyingine, ujue kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinashinda P2 kwa mbali, halafu unabaki nacho miaka kumi na zaidi.

#25 FundiBomba

Kitanzi si ndiyo kile kinachopanda mpaka kwenye moyo?

#26 NesiWaZamu

Fundi, wewe unaunganisha mabomba. Kutoka kwenye kizazi kwenda kwenye moyo kuna bomba gani kitanzi kipite? Kikisogea, mara nyingi hushuka, kinatoka chini, hasa miezi ya mwanzo. Ndiyo maana tunamfundisha mama kupapasa uzi wake na arudi kwetu baada ya wiki chache tuangalie. Mume akilalamika unamchoma, tunaupunguza.

#27 MzeeWaBustani

Wanaume mmejificha. Mimi nina miaka 48, watoto wanne, nimefunga mwenyewe. Haikuzidi nusu saa, sindano ya ganzi, nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole. Jogoo anawika kama kawaida, kwa wale watakaouliza.

Ninachotaka kusema kinaendana na mada. Daktari aliniambia usijione umemaliza leo, mbegu zilizokwisha kupita bado ziko njiani. Miezi mitatu nikavaa kondomu, na mke wangu sindano yake hakuiacha. Baada ya hapo nikapeleka manii yakapimwa, yakaonekana hayana kitu, ndipo mama naye akaacha sindano baada ya miaka tisa ya kuchomwa. Jirani yangu alifanya kama mimi ila hakusubiri hiyo miezi mitatu. Mkewe akapata mimba, ndoa ikayumba kwa mwaka mzima kwa tuhuma, na mtoto kazaliwa ana masikio yake yeye mwenyewe.

#28 Kokoto

Mzee heshima yako. Hapo kwenye masikio nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#29 MamaWatatuSasa (wiki moja baadaye)

Nimerudi wakuu. Nilisoma kila kitu, na mume wangu nikamsomea kwa sauti, isipokuwa ile ya MkeWaDereva niliiruka.

Nilipima siku ile ile, mstari mmoja. Nilikaa chooni nikalia kidogo. Kisha nikaenda kituo kingine siyo kile cha mwanzo, kule nikamkuta nesi kijana wa kiume, nikataka kurudi, lakini alikuwa na adabu sana. Akaniuliza maswali yale yale ya dada NesiWaZamu, mpaka la mtoto anakula nini. Nikamtajia kinga yangu ya kumwaga nje, akaandika kwenye kadi bila kucheka.

Nimeweka kijiti cha kipande kimoja, mkono wa kushoto. Kasema kwa kuwa sina hedhi na tumekutana karibuni bila kinga ya maana, kipimo cha leo kinaweza kuwa kimewahi mno, kwa hiyo nirudi baada ya wiki nne nipime tena, na siku saba hizi kondomu. Kanipa pakiti kabisa, bure. Kaniambia pia ninaweza kuona damu ya matone matone au nisione hedhi kabisa, nisije nikakimbilia kukitoa kwa sababu hiyo, nirudi kwanza tuongee.

Baba watoto yeye kaamua kondomu ziendelee mpaka hiyo wiki ya nne ipite na kipimo kirudiwe. Hakuambiwa na mtu. Na kaandika tarehe ya kukitoa kwa kalamu ya rangi nyuma ya mlango wa kabati, kubwa, mpaka wageni wataiona. Mama mkwe kauliza hiyo namba ni ya nini, nikasema ni ya LUKU.

Swali langu moja limebaki. Pale kilipowekwa panawasha na pana bluu bluu kidogo, na kesho nina kisamvu cha kutwanga. Ni kawaida?

#30 NesiWaZamu

Kuwasha na wekundu au bluu siku chache za mwanzo ni kawaida. Bandeji usiiloweshe mpaka siku alizokuambia. Ukiona usaha, pamekuwa pa moto, au ncha ya kijiti inachungulia, rudi siku hiyo hiyo.

Kisamvu twanga kwa mkono wa kulia. Au mpe mchi mwenye kalamu ya rangi.